Siku Saba za Kumbukumbu

Mimi si mhandisi wa kompyuta. Hata hivyo, likizo hii nilijifunza kutumia Kafka, programu huria ya kupokea, kuhifadhi na kusambaza taarifa za matukio kadiri yanavyotokea. Ilibuniwa ndani ya kampuni ya LinkedIn nchini Marekani na kuachiwa umma mwaka 2011.

Siku ya kwanza nilifadhaika. Niliandika jumbe tano, kisha nikafungua dirisha la kusomea. Kimya. Nikalifunga, nikalifungua tena. Kimya. Baada ya saa nzima niligundua kwamba jumbe zangu zilikuwapo muda wote. Msomaji mpya, asipoagiza vinginevyo, huonyeshwa yale tu yanayoandikwa baada ya yeye kufika. Akitaka yaliyotangulia, sharti aombe kusoma tangu mwanzo.

Hapo nikauelewa utaratibu wake. Kafka ni daftari: kila tukio huandikwa chini ya lililotangulia na kupewa namba. Likishaandikwa halirekebishwi, kosa husahihishwa kwa kuandika tukio jingine. Kusoma hakufuti kitu, na wasomaji kumi huweza kulipitia daftari lilelile, kila mmoja na alama ya mahali alipofikia.

Lakini daftari hili lina ukomo. Usipobadilisha mpangilio, kilichoandikwa hudumu siku 7, kisha hufutwa. Mwenye mamlaka juu ya seva aweza kuufanya muda huo kuwa saa moja, au milele.

Jina la programu hii ni la Franz Kafka, mwandishi wa Prague aliyekuwa pia mtumishi wa taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi. Katika riwaya yake The Trial, iliyochapishwa mwaka 1925 baada ya kifo chake, mtu anashtakiwa bila kuelezwa kosa lake, na jalada lake haruhusiwi kulisoma.

Kwa hiyo nawageukia ninyi watumishi wa umma. Malipo, maombi na malalamiko ya wananchi yanapohamishiwa kwenye mitambo ya namna hii, msimwachie fundi peke yake maswali haya: nani ataruhusiwa kusoma tangu mwanzo? Kumbukumbu zitadumu muda gani? Nani ameamua? Mwananchi anayeleta rufaa siku ya nane, akaambiwa kwamba mfumo hauonyeshi kitu, ameshindwa kabla ya kusikilizwa.

Nanyi wanafunzi, jifunzeni chombo hiki, hata wale wa sheria na siasa. Siku mtakapooneshwa dirisha tupu, mjue namna ya kuuliza lilianza kusoma wapi.