Moto wa Pumba: Tunaitetea Riwaya Iliyowachosha Wenzetu

Waliokuwepo kwenye kikao cha kusoma cha mwezi uliopita pale Granville hawahitaji kusimuliwa. Kwa wasiokuwepo, habari ndiyo hii: tulikuwa watu kumi na mmoja sebuleni kwa mwenzetu, hatua chache kutoka stesheni, sambusa mezani, na chai ya tangawizi ikapoa bila kuguswa kwa sababu ya kitabu. Kitabu chenyewe ni The Haunting of Hill House cha Mmarekani Shirley Jackson, kilichotoka mwaka 1959. Tulipoinua mikono kuamua kama kilistahili kuchaguliwa, saba walisema hapana. Sisi tunaoandika hapa ndio wanne waliobaki. Tumeshindwa kwa kura, lakini hoja yetu bado tunayo.

Kwa asiyekisoma, kisa ni chepesi. Dokta Montague, msomi anayetafuta ushahidi wa mambo ya mizuka, anakodi jumba lenye sifa mbaya kwa majira ya kiangazi na kuwaalika watu waje kukaa naye. Wanaoitikia ni wanawake wawili tu, Eleanor na Theodora. Anaongezeka Luke, kijana atakayelirithi jumba hilo. Eleanor ana miaka 32. Kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia kumuuguza mama yake, na tangu mama afariki analala kwenye kitanda cha kukunja nyumbani kwa dada yake. Kitabu kina sura tisa. Mlango wa kwanza unagongwa usiku katika sura ya nne. Kabla ya hapo watu wanakula, wanataniana, wanapotea kwenye korido, na milango waliyoiacha wazi wanaikuta imefungwa.

Basi lawama ya kwanza ilikuwa hiyohiyo: "Hakuna kinachotokea." Wengi wetu tulikifikia kitabu hiki kwa njia ya tamthilia ya Netflix ya mwaka 2018, ambamo sura za wafu zinakutokea ukiwa hujakaa vizuri. Tulikuja tumejikunja tayari kushtuka, tukapewa maelezo ya kuta zisizonyooka na mke wa mtunza nyumba anayekariri saa za chakula kama kanda. Mwenzetu mmoja wa Mombasa alisema alifika ukurasa wa sitini akawa anaogopa jambo moja tu: kwamba zimebaki kurasa nyingi.

Tulicheka, na bado tunacheka. Lakini Waswahili wanajua kwamba moto si wa aina moja. Moto wa makuti unaruka juu, unamulika ua mzima, na kabla hujaita majirani umekwisha. Moto wa pumba huuoni. Juu ni jivu, unaweza hata kudhani umezimika, mpaka utie mguu. Riwaya hii ni moto wa pumba, na zile sura tatu za mwanzo ndizo pumba zenyewe.

Tazameni kinachofanyika humo. Eleanor yuko njiani kwa gari analomiliki nusu yake tu. Nusu ya pili ni ya dada yake, naye amelichukua bila ruhusa. Kila anachokipita anakitamani: simba wa mawe mbele ya nyumba ya watu, kikombe chenye nyota ndani alichosikia kikitajwa mkahawani. Akifika, Theodora anamuuliza anaishi wapi, naye anajibu kwamba ana nyumba yake mwenyewe, ina simba wa mawe, ina paka mweupe, na kikombe chenye nyota. Anajenga nyumba ya uongo kwa vipande vya nyumba za wengine. Nani kati yetu hajawahi kupiga picha mbele ya gari au geti lisilo lake akaituma nyumbani? Hapo hakuna mzuka aliyetokea, na sisi tulishikwa na baridi.

Lawama ya pili aliitoa kaka yetu wa Unguja, na tunakiri kwamba ndiyo iliyotuponza kwenye kura. Aliuliza: "Kwa nini hawaondoki?" Kwao, alisema, nyumba ikigonga usiku wa kwanza, usiku wa pili inasomewa Kurani na kufukizwa ubani, na usiku wa tatu vyombo vishapakiwa kwenye gari. Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mikono saba ikawa kama imeshainuka.

Jibu letu tulilipata tukiwa njiani kurudi, kama kawaida ya majibu mazuri. Swali si kwa nini Eleanor haondoki. Swali ni aende wapi. Kwa dada yake ana kitanda cha kukunja na jina la mzigo. Hill House ni mahali pa kwanza alipoalikwa kwa jina lake, akapewa chumba chake, akangojwa mezani. Tunaopanga foleni Jumamosi kukagua chumba kimoja cha kupanga hapa magharibi mwa Sydney, tumebeba barua za kazi na hati za benki, tunamwelewa vizuri kuliko tunavyokubali. Mtu huvumilia mengi ukutani akiwa na hofu kwamba nje hakuna kwake. Na tunaomba radhi kwa kuufichua mwisho, ingawa kitabu kimeshapita miaka sitini: Eleanor hauawi usiku ndani ya nyumba. Anaangamia mchana kweupe, pale wenzake wanapompakia kwenye gari lake na kumwambia aende zake nyumbani.

Lawama ya tatu ni ya kisomi zaidi, na tunajua baadhi ya walimu wetu wanaiunga mkono. Kwamba mwandishi hatuambii nyumba ile ina nini. Ni wafu? Ni akili ya Eleanor? Msomaji anafunga kitabu mikono mitupu.

Hapa tulimkumbuka Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, ikachapishwa 1960, yaani mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Jackson. Vitabu viwili vya umri mmoja, vyote vimesimama mlangoni pa mahali panapoogopwa, halafu kila kimoja kikashika njia yake. Kule Unguja, Bwana Msa anawasha kiko chake, anauliza maswali, na hofu ya mzimu inageuka kuwa pazia: nyuma yake kuna binadamu na njama zake. Msomaji anapumua. Kwa Jackson pazia halifunguliwi. Hatusemi njia moja ni bora. Tunasema kwamba aliyelelewa na Bwana Msa peke yake atamdai kila mwandishi jibu, na si kila hofu ina jibu la kiko.

Kisha jaribuni kuitafsiri. Sisi tulijaribu jina tu, tukakwama. Nyumba yenye mizimu? Mzimu una ukoo: ni wa wazee wa watu fulani, una mahali pake pa kutambikiwa. Nyumba ya majini? Jini ana kabila lake na tabia zake. Pepo je? Pepo akimpanda mtu, yule mtu ni kiti chake, na mganga humuuliza jina lake na anachotaka, akapewa, mambo yakatulia. Kwa Kiswahili asiyeonekana ana jina, ana jamaa, na ana haja yake. Hill House haina hata kimoja. Mara moja tu mke wa Dokta Montague anapoleta kibao chake cha kuulizia mizuka, kibao kinaandika jina la Eleanor, na kinapoulizwa kinangoja nini, kinajibu kwamba kinangoja nyumbani. Lakini hakuna mganga chumbani. Wanalisikia jibu na kupita. Kwa mtazamo wetu, huo ndio ukurasa wa kutisha kuliko yote, na mtu aliyekulia katika Kiswahili ndiye anayeweza kuuona vizuri zaidi.

Tungeishia hapo tukiwa tumeridhika na werevu wetu. Lakini siku tatu baada ya kikao, dada mmoja wa Bukavu, mmoja wa wale saba, alitwambia kwamba kwake kitabu hakikuwa cha pole pole hata kidogo. Katika sura ile ya nne, Eleanor anashtuka usingizini kwa kugongwa ukuta, na kabla hajafumbua macho vizuri anaitika kwamba anakuja, mama, anakuja. Anadhani ni mama yake mgonjwa. Baadaye tunaambiwa kwamba usiku ule mama aliofariki aligonga ukuta akiita, na Eleanor hakuamka. Au aliamka, akalala tena. Mwenyewe hajui.

Dada yetu alisoma hapo akakifunga kitabu wiki mbili. Mama yake alifariki Bukavu, kule ikiwa jioni na huku Sydney usiku wa manane. Yeye alikuwa ametoka zamu, amezima sauti ya simu, amelala. Asubuhi alikuta simu sita alizopigiwa. Aliinua mkono kusema hapana, alisema, si kwa sababu hakuna kilichotokea katika kitabu kile, bali kwa sababu kilikuwa kinamngoja. Tumemwomba ruhusa kuyaandika haya, naye amekubali mradi tusimtaje.

Hayo yametuaibisha kidogo. Tuliwahesabu wale saba kama watu wasio na subira, kumbe angalau mmoja alikisoma kitabu kwa kina kuliko sisi wanne pamoja. Bado tunaitetea riwaya, lakini sasa tuna sababu nyingine. Kitabu cha mshtuko kinamtisha kila mtu kwa kitu kilekile. Kitabu cha moto wa pumba kinamwacha kila mmoja atie mguu mahali pake.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kwanza, vitabu vya mwendo wa pole vibaki kwenye orodha yetu, ila vipewe miezi miwili, na anayekipendekeza aseme mapema kinagusa nini. Pili, tunawaomba walimu watuongoze kuitafsiri sura ya nne, tuisome sambamba na Mzimu wa Watu wa Kale, tuone Kiswahili chetu kitaiita nini hofu isiyo na jina. Tatu, asidhihakiwe aliyeishia njiani.

Usiku ule wa kikao tulirudi tukipitia daraja la Bold Street. Hapo chini, tarehe 18 Januari 1977, treni ya asubuhi iliyotoka Mount Victoria iliacha reli na kugonga nguzo za daraja, daraja likaangukia mabehewa, watu 84 wakapoteza maisha. Kila Januari jamaa zao huja kuwakumbuka. Mmoja wetu aliuliza kama mahali pale tungepaita mzimu. Kaka yetu wa Unguja, aliyekuwa amecheka kuliko wote jioni ile, alifikiri kidogo akasema ndiyo, kwa maana ya zamani ya neno: mahali ambapo walio hai huja ili walioondoka wasigonge bila kuitikiwa.

Alipiga kura ya hapana. Tunamngoja toleo lijalo, atuandikie kwa nini.