Baridi ya Matamba haina kesi ya kujibu

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Matamba hubebeshwa lawama zote. Goti likiuma ni baridi, kiuno kikikaza ni baridi, mzee akiamka na ganzi ni baridi. Sibishi kwamba baridi ipo. Huku Makete sakitu huunguza shamba la viazi kwa usiku mmoja, na asubuhi mtu anatoka nje kajifunga blanketi juu ya koti. Ninachobisha ni hukumu moja inayotolewa haraka kuliko zote. Mtu anapiga chafya au anakohoa, na papo hapo maumivu yanamchoma kutoka shingoni hadi vidoleni, anaushika mkono, anakunja uso. Kabla hajamaliza kusema "mama yangu weee", waliomzunguka wameshamaliza uchunguzi: "Baridi hiyo, mwanangu, imeingia kwenye mifupa. Tafuta dawa ya kuchua, uvae sweta mbili."

Si kweli, na imani hii inaumiza watu.

Mkono wenye tatizo la baridi ungeuma alfajiri kwenye bomba la maji na ungetulia jikoni penye moto. Mkono ninaouzungumzia haujali moto wala barafu. Unauma pale mtu anapokohoa, anapopiga chafya, anapojikamua chooni, anaponyanyua ndoo. Kisha shuka kona hamsini na saba mpaka Chimala, ambako watu hulala madirisha wazi kwa joto. Huko nako wapo wanaopiga chafya wakaushika mkono, ila wao husema ni feni. Nenda Dar es Salaam, utaambiwa ni kiyoyozi. Mshitakiwa ni hewa kila mahali, iwe ya mlimani au ya kununua dukani, na shingo haijaitwa hata kutoa ushahidi.

Na shingo ndiyo ya kuanza nayo. Kati ya pingili moja na nyingine kuna diski, gegedu yenye ute mzito katikati. Diski ikichoka huchanika pembeni, ute hutokeza na kugusa mzizi wa mshipa wa fahamu unaotoka hapo kuelekea mkononi. Kwa wengine si ute, ni mfupa uliojiotea taratibu kwa miaka mpaka ukaufinya mlango unaopitisha mshipa. Mtu anaweza kuishi na hali hiyo muda mrefu asijue. Sasa apige chafya. Koo linafunga, misuli ya kifua na tumbo inabana kwa mkupuo, damu inarudi nyuma kwenye mishipa iliyo kando ya uti wa mgongo, na shinikizo la maji yanayouzunguka uti linapanda ghafla. Mshipa uliokuwa umebanwa unabanwa zaidi, na maumivu yanasikika huko unakoishia. Watu huyaita "shoti", na kwa kweli hakuna neno linaloyafaa zaidi.

Hata vidole hutoa ushahidi, mradi kuna anayeuliza. Shoti ikiishia kidole gumba, mara nyingi ni mzizi wa sita wa shingo. Ikiishia kidole cha kati ni wa saba, ambao ndio unaoongoza kwa kubanwa. Kidole cha mwisho ni wa nane. Wapo wagonjwa waliojigundulia nafuu wenyewe bila kufundishwa na mtu: hulala wameweka kiganja juu ya kichwa, kwa sababu mkono ukiinuliwa hivyo mshipa hulegea. Ukimwona mtu amekaa hivyo kwenye benchi, usimuulize ameweka sweta wapi. Muulize shingo ikoje.

Kwa nini shingo zichoke Matamba? Simama panapopakiwa viazi. Gunia limejaa, na juu ya mdomo wake kumeshonewa nyavu iliyojaa viazi vingine, kilemba kizima. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu mzigo wa mazao uzidi kilo 100, na viongozi wameikemea lumbesa mpaka wakachoka, lakini ipo. Kijana anainama, wenzake wawili wanamtwika, gunia linatua nyuma ya shingo na kuisukuma mbele hadi kidevu kikaribie kifua. Anapanda ubao kwenda juu ya lori huku macho yanatazama miguu yake. Akimaliza anarudi kwa jingine. Mama zake na dada zake wanapita barabara hiyo hiyo na kuni kichwani. Siku akipiga chafya akalia, lumbesa haitajwi. Inatajwa baridi, ambayo haina tajiri wala dalali wa kuulizwa. Sisemi kila mbeba viazi ataumwa. Karani asiyeinua kitu naye huumwa, na umri peke yake husaga diski za watu. Lakini kuacha kutaja mzigo kwa kijana wa aina hii ni uzembe, au ni adabu iliyopitiliza kwa mwenye mzigo.

Nakubali kwamba baridi ina mkono wa pembeni. Inatufungia ndani na moshi wa kuni, mafua yanazunguka nyumba nzima, tunakohoa zaidi. Kikohozi kinafichua shingo ambayo tayari ina tatizo. Hapo ndipo kesi yake inapoishia.

Imani hii ingekuwa ya kuchekesha kama ingeishia kwenye sweta. Haiishii hapo. Kuna wanaochanjwa chale. Kuna wanaokwenda kwa kinyozi, wa Makambako au wa Njombe mjini, ambaye baada ya kunyoa hukamata kidevu na kisogo akazungusha mpaka shingo ilie "ko!", na mteja anatoka akisifia kwamba baridi imetoka. Shingo yenye diski iliyochanika hainyongwi. Humo hupita mishipa ya damu inayolisha ubongo, na kiharusi kinachofuata mzungusho wa namna hiyo ni jambo linalojulikana hospitalini. Wengine hununua diklofenaki dukani, wakameza wiki hadi wiki bila kuulizwa kama wana vidonda vya tumbo, presha au figo mbovu. Maumivu yanatulia, tumbo linaanza kutoka damu.

Kinachonikera zaidi ni magonjwa yanayojificha nyuma ya neno "baridi". Kifua kikuu kinaweza kula pingili za uti wa mgongo. Usaha au maji yakikusanyika chini ya mapafu hugusa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na maumivu yake husikika kwenye ncha ya bega mtu akikohoa. Uvimbe kwenye kilele cha pafu, ambao daktari wa picha wa Marekani Henry Pancoast aliuelezea katika miaka ya 1920 na 1930, huanza kwa maumivu ya bega na upande wa ndani wa mkono, pengine muda mrefu kabla ya kikohozi chochote. Mkanda wa jeshi huchoma siku kadhaa kabla ya malengelenge kutoka. Mkoa wetu wa Njombe unaongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa utafiti wa kitaifa wa 2022-2023, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kifua kikuu na mkanda wa jeshi hupenda mwili ambao kinga yake imeshuka. Katika mkoa huu, kumwambia kijana mwenye kikohozi na maumivu ya bega kwamba ni baridi ni kumrudisha nyumbani na ugonjwa wake.

Wasomi wetu wa mjini wasicheke. Wao wana kosa lao: mkono wa kushoto ukichoma tu, wanajiandikia moyo. Kosa hilo hata madaktari wamelifanya. Mwaka 1943 Semmes na Murphey wa Memphis, Marekani, walieleza wagonjwa wanne waliodhaniwa wana maradhi ya moyo, kumbe diski ya shingo ilikuwa imepasuka. Moyo hausubiri chafya pia. Wenyewe hubana kifua unapopanda mlima au unapokuwa na hasira, pamoja na jasho na pumzi kukata, na hudumu kwa dakika kadhaa. Mwenye dalili hizo akimbizwe hospitali, sweta ije baadaye.

Kwa aliyebanwa mshipa shingoni habari si mbaya. Watafiti wa Rochester, Minnesota, waliwafuatilia wagonjwa 561 waliougua kati ya 1976 na 1990, na tisa kati ya kila kumi waliishia bila maumivu au na usumbufu mdogo tu, wengi wao bila kupasuliwa. Wiki kadhaa za kupumzisha shingo na mzigo, mazoezi anayoelekeza mtaalamu, dawa kwa kipimo, basi. Lakini vikombe vikianza kukuponyoka, vifungo vya shati vikikushinda, miguu ikiyumba au mkojo ukigoma, huna muda wa kuchua. Vivyo hivyo kama maumivu yameanza baada ya kuanguka na bodaboda. Hospitali ya Ikonda ipo Makete hii hii, na watu wanatoka Dar es Salaam kuja kupanga foleni pale. Aibu ikiwa wewe wa Matamba utabaki nyumbani na chupa ya dawa ya kuchua.

Na kama kikohozi kimefika wiki mbili, au unatoa jasho usiku na nguo zimeanza kukupwaya, nenda kituo cha afya ukatoe makohozi kabla hujanunua sweta ya pili. Kipimo cha kifua kikuu na dawa zake ni bure nchi nzima.