Gari la Kale na Mteremko wa Bugando

Wapo wapenzi wa magari ya kale wasemao kwamba Land Rover ya miaka ya 1960, ikifufuliwa, sharti ibaki na breki zake za asili. Wengine hudai breki hizo zing'olewe, ziwekwe za kisasa. Kwa maoni yangu zaweza kubaki, ila kwa masharti mawili: vilivyochakaa vibadilishwe, na dereva aelewe mipaka ya breki zake.

Breki hizo ni za ngoma katika magurudumu yote manne. Pedali ikikanyagwa, mafuta ya breki husukuma vipande viwili vilivyopinda, navyo husuguana na ukuta wa ngoma. Nishati ya mwendo hugeuka joto. Joto likizidi, ngoma hupanuka, msuguano hupungua, na breki hulegea.

Tufanye hesabu. Gari la kilo 1,500 liendalo kilomita 60 kwa saa lina nishati ya mwendo ipatayo jouli 208,000. Gari hilo hilo likishuka kutoka kilima cha Bugando kuelekea mjini Mwanza, tuseme kimo cha mita 50, kwa mwendo usiobadilika, hupoteza jouli 735,000: zaidi ya mara tatu! Ndiyo maana yafaa kutia gia ndogo kabla ya kushuka, ili injini ibebe sehemu ya mzigo huo.

Adui mwingine ni maji. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, na mwambao wa Ziwa Viktoria haukosi unyevu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama. Tena, Land Rover nyingi za miaka hiyo zina njia moja tu ya mafuta: bomba moja likipasuka, breki zote hupotea.

Kwa hiyo mabomba yenye kutu, mipira iliyokauka na mafuta ya zamani visihifadhiwe kwa kisingizio cha uasili. Bitana za zamani nazo aghalabu zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Lisipulizwe kwa hewa kamwe.

Mwalimu wa fizikia aweza kuwaongoza wanafunzi kupima kimo cha mteremko ulio karibu na shule, wakakokotoa joto hilo. Mwenye gari la kale naye aifanye hesabu hiyo kabla ya kushuka.