Upepo wa Turkana: Umeme wavunwa, ardhi yagombaniwa

Katika bara ambalo mamilioni ya watu wangali wanawasha vibatari jua linapotua, Kenya inaweza kutembea kifua mbele. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini humo hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Kielelezo cha mafanikio hayo ni mitambo 365 ya upepo iliyosimikwa katika jimbo la Marsabit, si mbali na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Uwezo wake ni megawati 310, na ilizinduliwa rasmi Julai 2019 na rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta.

Mahali penyewe hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Upepo wa kusi-mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukapita bondeni kwa kasi ambayo ni nadra kupatikana kwingineko duniani. Wafugaji wa Kirendile, Kisamburu na Kiturkana wameufahamu upepo huo tangu zama za mababu zao, na hujenga vibanda vyao vya mviringo chinichini ili visipeperushwe.

Matatizo yalianzia kwenye nyaya. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kilomita zipatazo 430 ya kuufikisha umeme Suswa haikuwapo. Kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi hiyo, Isolux, ilifilisika, na wakandarasi wa Kichina wakalazimika kuimalizia. Umeme ulianza kuingia katika gridi ya taifa Septemba 2018. Katika kipindi hicho chote mitambo ilisimama, na chini ya mkataba serikali ilidaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia.

Kipengele hicho cha mkataba ndicho kiini cha mjadala. Shirika la umeme, Kenya Power, limefungwa kwa miaka 20 kulipia umeme wa Turkana hata pale linaposhindwa kuuchukua. Benki ya Dunia ilijitoa katika mradi huo mwaka 2012 kwa kuhofia jambo hilo hilo. Hofu yake haikuwa ya bure: upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu zaidi usiku wa manane, wakati viwanda vimefungwa na wananchi wamelala, ilhali mahitaji hufikia kilele saa moja hadi saa tatu za usiku. Kwa hiyo mitambo huamriwa kupunguza uzalishaji, na mvuke wa Olkaria nao huachwa upotee hewani. Haikosi kushangaza kwamba nchi yenye umeme wa ziada usiku inanunua mwingine kutoka Ethiopia tangu 2022 ili kukidhi mahitaji ya jioni.

Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipogubikwa na kiza, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikosa umeme. Serikali ilinyooshea kidole mitambo ya Turkana. Kampuni inayoimiliki ikajibu kuwa mitambo ilijizima kwa sababu ya hitilafu katika gridi yenyewe. Vyovyote iwavyo, gridi inayotegemea kwa kiasi kikubwa laini moja ndefu haina pa kukimbilia.

Lakini suala zito zaidi ni ardhi. Mradi ulipewa ekari 150,000, ingawa mitambo yenyewe imechukua sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Kampuni inasema wafugaji wanaendelea kuchunga humo bila kizuizi. Wenyeji waliofungua kesi mwaka 2014 walidai hawakushirikishwa ipasavyo, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki zilipatikana kinyume cha taratibu, ikatoa mwaka mmoja dosari hiyo irekebishwe.

Si wao wa kwanza. Huko Kinangop, mradi wa megawati 60 ulivunjika mwaka 2016 baada ya wakazi kuukataa katakata. Tofauti ni kwamba Kinangop kuna wakulima wenye hati za mashamba. Wafugaji wa Marsabit wana desturi na kumbukumbu tu. Na siku mitambo ilipozinduliwa, laini ile ya umeme ilielekea kusini, huku mji wa Marsabit, makao makuu ya jimbo lenye upepo huo, ukiendelea kutegemea jenereta za dizeli.