Maharage Hayajipiki

Imechapishwa hoja kwamba familia ya wakimbizi katika makazi ya Nakivale, Uganda, ikiacha chapati za barabarani na kujipikia posho (ugali) na maharage, itashiba kwa shilingi chache. Kwa mwenye mtungi wa gesi pale mjini Mbarara, labda.

Mwandishi kapiga hesabu ya maharage, kausahau moto! Maharage makavu yasiyolowekwa hutokota saa mbili na zaidi. Mkaa hununuliwa, na kuni zinazidi kuwa mbali. Ushauri wa kuyaloweka usiku kucha? Mama aliyetoka Kivu alikuja nao. Chapati, angalau, mkaa wake kaununua muuzaji.

Eti wapange bajeti. Ipi? Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liliwakatia mgao wa chakula wakimbizi milioni moja nchini Uganda.

Anayetaka kushauri aanze na bei ya mkaa.