BWANA SHAMBA ANAJIBU: Zambarau na dawa ya pamba

Kila msimu wa kupiga dawa ya pamba ukifika nasikia maneno yale yale. "Kunywa maziwa, sumu haitakupata." Sasa limeongezeka neno jingine. Mzee mmoja aliniambia, "Bwana Shamba, mimi nakula bakuli zima la zambarau kabla ya kubeba bomba. Mwanangu amesikia kwamba zambarau hushinda sumu." Mzee huyo alikuwa peku. Bomba lake lilivuja, na shati lilikuwa limelowa dawa mgongoni.

Mwanawe hakusikia uongo mtupu. Zambarau na matunda mengine meusi yana kitu kinachoyapa rangi ile. Wataalamu hukiita anthosianini. Wataalamu wamewalisha panya matunda ya namna hiyo na kuwapa sumu. Katika baadhi ya majaribio, maini ya panya hao yaliharibika kidogo kuliko ya wenzao. Ndiyo maana katika nchi nyingine viwanda huyachanganya matunda hayo na mtindi au mikate, na kuviita vyakula vya kulinda afya. Nchi ya Japani iliweka utaratibu wake wa kuvipima vyakula vya kulinda afya mwaka 1991.

Lakini panya alipimiwa sumu yake. Mkulima anayevujiwa na bomba amepimiwa na nani?

Wengi hudhani sumu huingia kwa mdomo tu. Sivyo. Kwa mpiga dawa, sehemu kubwa hupita kwenye ngozi. Zambarau ziko tumboni, dawa inapita mgongoni. Hazikutani mlangoni! Maziwa nayo si kinga. Tena, zipo sumu zinazoyeyuka katika mafuta. Mtu akizimeza, mafuta ya maziwa huzisaidia kuingia mwilini upesi.

Kula zambarau, ndugu yangu. Zinajenga mwili. Lakini kinga ya mpiga dawa ni nguo. Vaa shati la mikono mirefu, suruali, viatu vya mpira na mipira ya mikononi. Funika pua na mdomo. Ziba bomba linalovuja kabla ya kutia dawa. Piga dawa asubuhi au jioni, upepo ukiwa mdogo, nawe usiuelekee. Tundu la bomba likiziba, usilipulize kwa mdomo. Lioshe kwa maji. Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla ya kula chochote, hata hiyo zambarau. Nguo za dawa zifuliwe peke yake. Mama anayezifua naye asizishike kwa mikono mitupu.

Kuna jambo linaloniogopesha zaidi. Mizambarau mingi imeota kando ya mashamba. Upepo huipeleka dawa mpaka kwenye matunda, na watoto huokota zilizoanguka na kuzila pale pale. Siku ya kupiga dawa, watoto wasiende huko. Msiokote matunda yaliyorushiwa dawa. Kuyaosha hakuondoi sumu yote. Na chupa ya dawa iliyokwisha isitiwe maji ya zambarau wala mafuta ya taa. Ioshe mara tatu, maji hayo yamimine ndani ya bomba, kisha itoboe isitumike tena.

Kabla ya kununua dawa, tazama mstari wa rangi chini ya karatasi ya chupa. Mwekundu maana yake ni sumu kali sana. Wa njano ni kali. Wa buluu na wa kijani ni hafifu zaidi, lakini nazo ni sumu.

Mtu akitokwa jasho jingi na mate, akitapika, macho yakififia na misuli ikimchezacheza, msimpe maziwa wala zambarau, wala msimtapishe. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, mkimbizeni zahanati. Chukueni na chupa ya dawa yenye karatasi yake, ili mganga ajue ni sumu gani. Kwa baadhi ya sumu hizi iko sindano yake, inaitwa atropini.