Ukikarabati mgahawa wa mama, usimfukuze mteja wa mama

Itigi, mkoani Singida, ni mji wa wapita njia. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inapita hapo. Barabara inayotoka Mkiwa kwenda Rungwa hadi Makongolosi inapita hapo pia. Wagonjwa wanaletwa Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, na nyuma yao wanakuja ndugu wa kuwauguza.

Wote hao lazima wale. Wengi wanalishwa na migahawa ya familia: mama yuko jikoni, binti anahudumia, kijana anatafuta mkaa na maji. Humo ndimo ada za shule zinamotoka.

Sasa watoto waliosomeshwa kwa wali maharage wanarudi nyumbani na mawazo mapya. Wanataka vigae, runinga kubwa, meza za kioo, chipsi na baga.

"Mama, pamezeeka hapa," kijana anasema.

"Pamezeeka, lakini ndipo palipokusomesha, mwanangu," mama anajibu.

Kila mmoja ana hoja. Mgahawa usiobadilika unachakaa, lakini ukibadilishwa bila hesabu unaweza kubaki na vigae vizuri na viti vitupu.

Jua kwanza anachofuata

Dereva wa lori anafuata supu iliyoiva alfajiri. Mwenye mgonjwa anafuata bei anayoimudu kwa siku kumi mfululizo, na mama anayemwuliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Mzee wa mtaani anafuata benchi lake la pembeni na mlenda uliopikwa kama wa nyumbani.

Hata kampuni kubwa zimewahi kukosea hapo. Mwaka 1985, Coca-Cola ilibadilisha ladha ya soda yake nchini Marekani. Wateja walilalamika sana, na kabla ya miezi mitatu kwisha kampuni ikarudisha ladha ya zamani. Mgahawa wa familia hauna mtaji wa kukosea hivyo na kurudi nyuma.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi, familia ikae na wateja kumi wa kila siku na iwaulize mambo mawili: nini kinawakera hapa, na nini kikiondolewa hawatarudi?

Anza na jiko

Fedha ya kwanza isiende kwenye runinga, iende jikoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi wa majumbani, unaotokana na kuni, mkaa na nishati nyingine chafu, ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Mama anayepika akiwa na mjukuu mgongoni anavuta moshi huo pamoja naye, siku nzima.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mgahawa hauhitaji kubadilika wote kwa siku moja. Chai, chapati na kupasha chakula vihamie kwenye gesi. Maharage au kuku wa kienyeji, ambao wateja wanapenda ladha yake ya kuni, wabaki kwenye jiko banifu lenye dohani, mahali penye hewa. Mtungi wa gesi ukae penye hewa ya kutosha, mpira wake ukaguliwe mara kwa mara, na watoto wasichezee hapo.

Kisha yafuate maji. Ndoo yenye koki na sabuni mlangoni, kichanja cha kukaushia vyombo na choo safi ni ukarabati ambao hakuna mteja atakayeukasirikia. Nyama mbichi iwe na kisu na ubao wake. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto zaidi ya saa mbili. Kiwekwe kwenye hotpoti au kibaki motoni, na kikipashwa kichemke kweli.

Mkono wa mama upimwe

Hofu kubwa ya wateja ni kwamba mama akipumzika, ladha itaondoka naye. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu mapishi yake hayajaandikwa popote. Yapo vidoleni mwake.

Binti asimame naye kwa wiki kadhaa na kupima: konzi yake ya chumvi ni vijiko vingapi, mafuta ya alizeti ni vikombe vingapi kwa sufuria. Aandike kwenye daftari. Faida ya pili ni ya afya. WHO inashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai. Kilichopimwa kinaweza kupunguzwa kidogo kidogo bila ulimi kushtuka.

Badilisha kwa awamu

Mgahawa usifungwe mwezi mzima, maana mteja akizoea kwingine ni vigumu kumrudisha. Upande mmoja ukarabatiwe, mwingine uendelee kuuza. Sahani ya kila siku ibaki na bei yake. Vyakula vipya ndivyo vibebe gharama ya ukarabati. Benchi la mzee lipigwe randa na kurudishwa palepale.

Kuhusu fedha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni heri kuuliza huko kabla ya kugusa ada za watoto au kukopa kwa riba ya kila wiki. Wazazi na watoto waandikiane pia nani anamiliki nini, ili sherehe ya ufunguzi isizae kesi.

Wiki mbili baada ya kufungua upande mpya, familia ihesabu sura. Yule mzee wa benchi la pembeni haonekani? Mjukuu atumwe kwake na salamu, amwulize kama ni mgonjwa au kuna kitu hakimpendezi. Jibu lake litasaidia kupanga awamu inayofuata.